Saini Niliyoipima kwa Mate

Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, na siku ya kupokea cheti nilitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Nyamirambo, makusudi kabisa, ili Kigali nzima ipate nafasi ya kuniona. Naapa hata taa za barabarani zilinipisha. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekunywa chai ya rangi ya kutosha kujaza ziwa Muhazi mpaka likamwagika, nikisoma utawala, sheria za biashara na utunzaji wa kumbukumbu huku tumbo linaimba. Sasa nilikuwa mtu. Cheti nilikitundika dukani tulipokuwa tunapiga chapa, juu ya mashine ya fotokopi, mahali ambapo mteja asingeweza kungoja karatasi yake bila kunisoma kwanza.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja: kompyuta mbili, printa, skana, na benchi la mbao mlangoni. Watu walikuja kujaza fomu za serikali mtandaoni, kuandikiwa barua, kutoa nakala za vitambulisho. Benchi lilikuwa baraza. Fundi viatu wa jirani alikaa pale tangu asubuhi kama amepangishwa, na wateja walikaa pembeni yake kwa zamu, kila mtu akijua shida ya mwenzake kabla haijafika kwangu. Wao ndio walioniita Profesa. Nilijifanya kukataa mara mbili, ya tatu nikaitika.

Zamani, kabla sijasoma, nilifundishwa kazi na karani mmoja mzee aliyekuwa akiliendesha duka lile. Yeye alikuwa na njia yake ya kupima karatasi. Unalamba kidole cha shahada, unakipitisha juu ya saini: wino wa kalamu utatapakaa kidogo, wa mashine hautasogea. Halafu unageuza karatasi, unafumba macho, unapapasa mgongo wake. Mkono wa mtu ukiandika unakandamiza, unaacha kovu. Mwisho unatazama kashe, maana kwetu karatasi isiyo na muhuri huo ni ya kufungia karanga tu. Karani yule alikamata watu wengi kwa kidole chake, na mimi nilikirithi kile kidole kama ufalme. Nilikuwa nalamba mbele ya watu kwa madaha. Wengine walikuja kutazama tu.

Basi Ijumaa moja akaja Hajati.

Hajati alikuwa mshonaji, milango mitatu kutoka kwetu. Alishona kanzu na magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, yeye na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu alikuwa Ubelgiji miaka mingi, dereva wa basi, na wakati ule alikuwa nyumbani kwake hukohuko kwa sababu amepasuliwa goti. Walikuwa wawili tu duniani. Kila Ijumaa baada ya swala ya mchana, Hajati alisimamisha cherehani, akaweka simu juu ya meza ya kukatia, na mtaa mzima ukasikia ndugu wawili wakichekana kwa Kiswahili cha utotoni mwao. Ukitaka kanzu yako saa ile, ungoje. Naeleza hivi mapema ili ieleweke: nyumba haikupotea. Nyumba ilipatikana. Kilichokaribia kupotea ni ile simu ya Ijumaa, na aliyeiweka hatarini ni mimi.

Hajati alitaka kuvunja chumba cha mbele ajenge kikubwa, cherehani zienee. Lakini cheti cha ardhi kilikuwa na majina mawili. Mdogo wake akasema: dada, mimi sirudi kuishi huko, nakuachia sehemu yangu, nitakutumia barua. Siku hiyo barua ilikuwa imefika kwa imeili. Nilikuwa nimemfungulia Hajati imeili ile mimi mwenyewe, na neno lake la siri nilikuwa nalijua kuliko yeye.

"Profesa," akasema, "ndugu yangu ameleta ile barua. Nifungulie, nataka kuipeleka kwa noteri aithibitishe."

Nikaifungua. Maneno yalikuwa mazuri, ya Kifaransa kilichonyooka. Lakini chini kabisa, mahali pa saini, palikuwa na kisanduku: jina lake kwa herufi za mashine, tarehe, saa mpaka sekunde, na tarakimu ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Juu ya ukurasa kompyuta ilikuwa imeweka mstari wa njano ulioandikwa kwamba uhalali wa saini haujulikani.

Pale ndipo mtu mwenye akili angesema: ngoja niulize. Shuleni tulikuwa na somo moja la saini za kielektroniki. Moja tu, na jioni ile mvua ilinyesha nikakaa karibu na dirisha nikitazama viatu vyangu vipya. Nilikumbuka jina la somo. Jina tu lilinitosha.

"Iko nini hapo?" fundi viatu akauliza kutoka benchini.

"Kuna jambo," nikasema.

Niliposema kuna jambo, benchi lote lilisogea. Nikaichapa barua. Ikatoka kwenye printa yangu, mbele ya macho yangu, bado ina joto kama chapati. Nikaishika kwenye mwanga. Nikalamba kidole. Nikakipitisha juu ya kile kisanduku, taratibu, watu wameacha kupumua. Wino haukusogea. Nikageuza karatasi, nikafumba macho, nikapapasa mgongo wake wote kama kipofu anayesoma. Laini. Hakuna kovu.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo anitazame vizuri. Mtu mwenye cheti ukutani, anapapasa karatasi aliyoichapa mwenyewe dakika moja iliyopita, anatafuta mkono wa mtu aliye Ubelgiji.

"Hajati," nikasema, "hii karatasi haijaguswa na mkono wa binadamu."

"Maana yake?"

"Maana yake haina saini. Hata kompyuta yenyewe imekataa, ona hii njano."

"Hii iko kama risiti ya supamaketi," fundi viatu akasema.

"Na kashe iko wapi?" akauliza mama mmoja aliyekuja kuskani kitambulisho.

"Kashe hakuna," nikasema kwa huzuni kubwa, huzuni ya daktari bingwa.

Hajati alivaa miwani yake, akaitazama karatasi, akaivua. "Ndugu yangu hawezi kunifanyia hivyo."

Ningeishia pale, pengine leo ningekuwa nalala vizuri. Lakini benchi lilikuwa linanitazama, na mimi nikitazamwa huwa naota mabawa. Nikaeleza. Nikasema sheria haiulizi nani anaweza na nani hawezi. Nikasema mimi nimesoma kesi za namna hii, nyingi, maboksi kwa maboksi. Nilikuwa nimesoma moja, nayo ilihusu ng'ombe. Nikasema mtu anakutumia karatasi tupu, wewe unavunja, unajenga, unamaliza, nyumba inang'aa, halafu yeye anakuja na kusema: mimi lini nilisaini?

"Umva Profesa," fundi viatu akasema, yaani msikilizeni huyo, na akatikisa kichwa kwa uchungu wa mali isiyo yake.

Hajati alipiga simu palepale, amesimama kati ya skana na mlango. Hakuweka sauti ya nje, lakini simu yake ilikuwa ya zamani na ilipiga kelele yenyewe.

"Umeniletea karatasi gani hii?"

"Dada, ile ya nyumba. Umeipata?"

"Haina saini."

"Nimesaini, dada. Huku ndiyo tunasaini hivyo."

"Huku kwetu tunasaini kwa mkono. Baba alisaini kwa mkono, na alikuwa hajui kusoma. Angekuona leo angeona haya."

Nilisikia televisheni ya huko aliko.

"Nani amekuambia haina saini?"

"Watu wenye elimu."

Alisema hivyo na akanitazama, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha mgongo.

"Sawa, dada," sauti ikasema. "Nitakuletea wino." Simu ikakatika.

Wiki ya pili Hajati akaja kunionyesha picha kwenye simu, aliyotumiwa na mdogo wake. Hakukuwa na uso wa mtu. Ilikuwa picha ya kiti cha treni, magongo mawili yameegemezwa dirishani, nje mvua, na bahasha ya kaki juu ya kiti. Chini yake ameandika: naenda ubalozini kusaini mbele yao. Hakuna salamu, hakuna dada. Goti lilikuwa bado na nyuzi.

"Umeona?" nikamwambia Hajati. "Ukibana mtu, wino unapatikana."

Nilisema hivyo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisema kingine.

Ijumaa ile Hajati alisimamisha cherehani kama kawaida, akaweka simu juu ya meza. Ikaita mpaka ikachoka. Ijumaa iliyofuata vilevile. Bahasha ilifika, imesainiwa, ina kashe ya kutosha kuzamisha meli, lakini ndani hakukuwa hata na kikaratasi cha kusema hujambo. Ijumaa ya tatu Hajati hakupiga. Alishona tu, na mtaa ukasikia cherehani saa ambayo haikuwahi kusikika.

Tukapanga siku ya kwenda kwa noteri, Kagarama. Nilijitolea kumsindikiza kama mshauri. Nilivaa tai. Na katika mfuko wa shati nilitia flashi yenye lile faili la kwanza, kwa sababu nilitaka noteri aone jinsi tulivyoponea chupuchupu. Nilishajiona naulizwa: bwana, umejuaje? Nilishaandaa jibu, na kikohozi kidogo cha kutangulia jibu.

Noteri alikuwa mwanamke kijana, ofisi safi, kompyuta moja, ua moja kwenye kopo. Alisoma barua ya wino, akaitazama kashe ya ubalozi, akaridhika.

"Iko sawa," akasema. "Mwihangane, mvumilie, najaza kidogo hapa."

"Kulikuwa pia na ile ya kwanza," nikasema. "Inayosemekana kuwa ya bandia. Kama mheshimiwa angependa kuiona, kwa ajili ya kumbukumbu."

Akaipokea flashi. Akafungua faili. Ule mstari wa njano ukatokea, na mimi nikaanza kile kikohozi. Lakini yeye hakuutazama kama nilivyoutazama mimi. Aliubonyeza. Kikafunguka kidirisha, akabonyeza tena, akangoja mtandao uzunguke, akasoma jina la waliotoa cheti cha ile saini, akaenda kuwatafuta kwenye orodha ya wanaotambuliwa, akarudi. Mstari ukageuka kijani.

"Hii pia iko nzuri," akasema.

Nikasema, "Vipi?"

"Imesainiwa na yeye mwenyewe, na cheti chake kilikuwa hai siku hiyo. Tangu asaini, hakuna mtu amegusa hata nukta. Ona." Akageuza kompyuta upande wetu. "Hii, sheria inaitambua sawa na ya kalamu. Tena mimi naipenda zaidi. Ya kalamu nitajuaje kama kuna ukurasa umebadilishwa? Hii ukibadilisha herufi moja, inalia."

"Lakini ilikuwa njano," nikasema, sauti imenisaliti.

"Njano ni kusema sijui. Kompyuta yenu ilikuwa haijauliza. Ingekuwa ya uongo ingeleta nyekundu." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani nani aliwaambia iko ya bandia?"

Kompyuta ilisema haijui. Mimi ndiye niliyesema najua. Ilinifikia yote kwa pamoja, kuanzia shingoni kushuka, kama maji ya mtungi. Nilikuwa na nafasi ya kujibu kwa neno moja la herufi nne.

"Kuna bwana mmoja kule Nyamirambo," nikasema, "anaangaliaga mambo hayo."

Hajati hakugeuka kunitazama. Alikuwa anaitazama ile kijani. "Ni mtu wa mtaani kwetu," akasema. "Anasoma sana."

"Aliangalia vipi?" noteri akauliza.

"Aliichapa. Halafu akalamba kidole."

Noteri akafikiri amesikia vibaya. "Akalamba?"

"Akapitisha hapa kwenye saini. Halafu akapapasa nyuma."

Yule binti alicheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho. "Mama, hii saini iko ndani ya faili. Ukichapa, kwenye karatasi inabaki picha tu. Ni kama kupima joto la mtu kwa kushika picha yake." Akacheka tena.

Na mimi nikacheka. Hicho ndicho ninachotaka kukiandika, mengine yote ni njia ya kufika hapa. Nilicheka pamoja naye, tena kumzidi, nikapiga paja, nikasema, "Watu wana mambo." Nilimcheka yule bwana wa Nyamirambo kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Bugesera, na kando yangu amekaa mwanamke aliyenificha, mikono yake miwili juu ya mkoba, hachekei lolote.

Tulirudi kwa pikipiki mbili. Pale Sonatubes taa zikatusimamisha bega kwa bega. Hajati alikuwa amevaa kofia ya pikipiki juu ya mtandio, ananyoosha macho mbele. Hiyo taa hukaa nyekundu muda mfupi, lakini siku hiyo ilikaa msimu mzima, kilimo na mavuno. Nilifungua mdomo mara tatu. Ilipowaka kijani, nikaona aibu hata ya rangi.

Sikwenda dukani. Nilimfuata mpaka chumba chake cha kushonea. Mafundi wake wawili wa kike walikuwa wanakunja vitambaa, na fundi viatu, ambaye alinusa habari tangu tunashuka, alikuwa tayari mlangoni.

"Hajati, nataka kusema kitu."

"Sema."

"Tutoke kidogo nje."

"Siku ile ulisema mbele ya watu," akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa anaweka mkoba wake chini.

Basi nikasema mbele ya watu. Nilisema barua ilikuwa halali tangu siku ya kwanza, ndugu yake alisaini kweli, mimi sikujua na nikajifanya najua. Nilijaribu kuongeza mstari wa njano na upungufu wa mtandao, akaninyamazisha kwa kuinua mkono.

"Mimi nimeshajua," akasema. "Nilikuwepo. Mwambie yeye."

Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, mahali pake pa Ijumaa, lakini akaisukuma kwangu. "Mimi hanipokelei. Namba yake ni hii, piga kwa simu yako."

Nikapiga. Ikaita mara mbili.

"Nani?"

Nikajitaja: wa duka la fotokopi, jirani wa dada yake. Nikasema mimi ndiye ile elimu. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye kidole nikataka kuruka, lakini fundi viatu akanong'ona, "Usisahau kulamba," nikalazimika kukieleza. Upande wa pili hakukuwa na kicheko.

"Bwana mdogo," akasema mwishowe, "kupanda ngazi za ubalozi kwa magongo si kitu. Nimesimama pale nasaini, naulizwa hii ni ya nani, nasema ya dada yangu, haniamini. Wewe hunijui, sikulaumu. Yeye ananijua."

Shule zote za jioni za Afrika Mashariki zisingekuwa na jibu. Niliinua macho nikaona Hajati ameketi kwenye kiti cha cherehani, amesikia kila neno, maana simu yangu nayo ilikuwa ya kelele.

"Alisema huwezi," nikasema. "Neno lake la kwanza, kabla sijamjaza maneno. Alisema: ndugu yangu hawezi kunifanyia hivyo. Watu walisikia."

"Tulisikia," fundi viatu akasema kwa nguvu, kama shahidi aliyelipiwa nauli. "Mimi niko hapa, nilisikia."

Halafu sauti ikasema, "Mpe simu."

Hajati aliichukua, akaenda nayo chumba cha nyuma, akafunga mlango. Tulibaki wanne tukitazama vitambaa. Hatukusikia kicheko. Tulisikia sauti yake ya chini, kwa muda mrefu, na nikatambua kwamba salio langu linakwisha na kwamba sijawahi kufurahia kitu kuisha namna ile.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaifuta simu kwa ncha ya mtandio, akanirudishia. Hakusema nimekusamehe na mimi sikuuliza.

"Ijumaa ulete kompyuta," akasema. "Nataka kuiona tena ile kijani. Ndugu yangu pia anataka nimwambie nimeiona."

Ijumaa baada ya swala nikaileta kompyuta nimeibeba kifuani kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimeuliza, nimejifunza, nimerudia mara hamsini, na safari hii ni kweli hamsini. Nikaiweka juu ya meza ya kukatia, kando ya simu ambayo tayari ilikuwa imepokelewa, ndugu yuko hewani. Nikabonyeza ile njano, nikabonyeza tena, mtandao ukazunguka. Kijani.

"Umeiona, dada?" simu ikauliza.

"Ngoja," akasema Hajati.

Akavaa miwani. Akalamba kidole cha shahada, taratibu, kwa madaha yangu yaleyale, akakipitisha juu ya kioo cha kompyuta pale penye jina la mdogo wake. Akakitazama kidole. Halafu akainua kompyuta, akafumba macho, akapapasa mgongo wake wote.

"Haina kovu," akamwambia ndugu yake.

Ubelgiji ikacheka kwanza, halafu mafundi, halafu fundi viatu mlangoni akaanguka kwenye ukuta. Hajati mwenyewe alicheka mwisho. Mimi nilisimama pale na tai yangu, uso unawaka, nikaifuta ile alama ya mate kwenye kioo kwa mkono wa shati.